Kichupa cha Mafuta ya Breki

Mbuba, Ngara,
Jumapili, 9 Machi 1997.

Kwa Baba yangu mpenzi, Mzee Emilian,
Nyakahura, Biharamulo.

Shikamoo Baba. Naongeza na shikamoo nyingine ya akiba, maana ile niliyokutumia wakati wa Noeli sijui kama ilikufikia au iliishia mikononi mwa Shangazi. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na lile goti la kushoto limekupa nafasi ya kulala. Vipi kifua? Je, Shangazi Jovina bado anakulazimisha kunywa ile dawa yake ya mizizi, au siku hizi umejifunza kuimwaga nyuma ya zizi? Mwambie kwamba ng'ombe wake tunawasalimu wote, hasa yule mwekundu aliyekukanyaga mwaka juzi, ambaye Shangazi alimtetea kana kwamba ndiye kaka yake na wewe ndiye ng'ombe.

Sisi huku hatujambo, tunamshukuru Mungu. Mvua zimeanza vizuri na maharage yametoa maua. Migomba ile ya karibu na choo imezaa mikungu mikubwa hadi nimeiegemezea miti miwili miwili. Mjukuu wako Keza amepanda darasa la tano na amekuwa mrefu, ananifika begani, na ulimi wake umerefuka pia. Kaka Gozbert bado anafundisha pale pale Ngara mjini na huja Jumapili kwa Jumapili, akikosa lifti huja na baiskeli. Rafiki yako Mzee Methusela yupo, nitamtaja mbele.

Barua hii nimempa Suzan muuza dagaa, ambaye anakuja gulioni kwenu siku ya Jumatano. Nimemwapisha kwa Bikira Maria kwamba atakupa wewe mkononi. Tafadhali Baba, isome mwenyewe. Najua macho yako ni mazima, hata kama watu walisema vingine. Usimpe Shangazi akusomee kwa sauti uwanjani, maana yeye akisoma barua, Biharamulo nzima inasikia, na haya niliyoyaandika nataka uyasikie wewe kwanza.

Baba, nimekukumbuka. Naandika neno hilo wazi hivyo hivyo, kwa sababu kila nikijaribu kulizungushia maneno naona nakupotezea muda. Ni mwaka mmoja na miezi saba tangu ulipofunga vitu vyako kwenye shuka ukapanda basi, ukasema hutarudi Mbuba kuwaangalia watu uliowaumiza. Tangu siku hiyo nyumba hii haijui kuamka. Zamani nilikuwa naamshwa na boneti ya gari. Nilikuwa nanung'unika kitandani kwamba mzee huyu anafungua gari kabla hata kuku hawajashuka kwenye banda lao, akiangalia maji, akiangalia oili, akiangalia kile kichupa cha mafuta ya breki, kisha akikanyaga pedali mara tatu gari likiwa limesimama. Sasa hakuna wa kuniamsha. Ninaamka mwenyewe saa ile ile, nasubiri sauti ya boneti, na haiji.

Nimekukumbuka hata kwa mambo ambayo yalikuwa yananiudhi. Hakuna anayeniambia maharage yamekosa chumvi kabla hajayaonja. Hakuna anayebishana na redio. Kiti chako nilikiingiza ndani kisije kikanyeshewa, nikaona afadhali nikirudishe kibarazani, maana mle ndani kilikuwa kinaniangalia. Wageni wakija huwa nawapa mkeka.

Umesikia bila shaka kwamba wakimbizi wameondoka. Walipita Desemba, siku baada ya siku, barabara nzima ikawa watu, magodoro, masufuria na mbuzi, wakielekea mpakani kwenye mvua. Wale uliokuwa ukiwalaani kwa kukata mikaratusi yako, Baba, nilipowaona wanapita na watoto mgongoni sikuweza kuwalaani tena. Vilima vya kambini sasa vitupu kabisa, udongo mwekundu na plastiki za bluu zilizochanika. Malori ya msaada yamepungua, gulio limelala, na wale madereva waliokuwa wakijaa dukani kwangu kunywa chai na kusimulia ajali zao wametawanyika. Visiki vya mikaratusi yako vimeanza kuchipua. Nilipoona machipukizi nilisema moyoni, sasa Baba atarudi, maana ulikuwa umesema tangu wageni wale waje hakuna kilichokwenda sawa. Noeli ikapita. Januari ikapita. Ndipo nikakubali kwamba hukuwakimbia wakimbizi, ulijikimbia mwenyewe, na ukweli ni kwamba kuna mtu aliyekusaidia kujikimbia.

Naomba unisamehe kukurudisha kwenye siku ile. Sitaki kukutonesha, lakini bila hiyo barua yangu haina maana.

Siku ile ya Agosti ulikuwa unashuka kwenda mjini na magunia ya maharage nyuma, na Mzee Methusela ameketi kando yako kama kawaida yake, akikufundisha kuendesha ingawa hajawahi kushika usukani maishani mwake. Ulitueleza baadaye, na ulieleza mara nyingi, kila mara kwa sauti ndogo zaidi. Ulisema kwamba kwenye ule mteremko mrefu unaokwenda darajani ulikanyaga breki na pedali ikaenda hadi chini, laini, kama kukanyaga matope. Ulikanyaga tena, na tena, ikawa vile vile. Ulirudisha gia, injini ikalia, magunia yakakusukuma. Handbreki waya wake ulikuwa umeshachoka. Chini darajani kulikuwa na akina mama wamebeba kuni, wakimbizi wale wale, barabara nzima imejaa. Ukaamua kulibamiza gari kwenye ukingo wa mlima upande wa kushoto. Akina mama wote walipona. Upande wa kushoto ndiko alikokuwa ameketi Mzee Methusela.

Askari wa barabarani walipofika, jua lilikuwa limeshasogea na gari limepoa. Mmoja alifungua boneti akakuta kichupa kimejaa mafuta. Akaingia, akakanyaga pedali, ikasimama imara. Akakanyaga tena, imara. Akawaambia watu kwamba breki ni nzima, mzee amekanyaga klachi akidhani ni breki, ni mambo ya umri. Maneno hayo yalifika Mbuba kabla yako. Jioni yake wengine walishaongeza kwamba ulikuwa umekunywa rubisi, pombe ya ndizi, wewe ambaye huonji hata ya harusi ukiwa na safari. Mzee Methusela walimkata mguu chini ya goti siku ya tatu.

Halafu kikaja kikao kile cha familia. Gozbert alisimama kwa heshima zote, akasema anakupenda, na kwa kuwa anakupenda anaomba ufunguo. Ulikuwa na bandeji kichwani. Hukumjibu yeye. Ulinigeukia mimi, mbele ya watu wote, ukaniuliza kama nilikuwa nimeongeza mafuta ya breki ulivyoniagiza. Nilikujibu kwamba ndiyo, Baba, niliongeza. Ukanitazama kidogo, ukatikisa kichwa. Ukasema basi kama Domisiana aliongeza, mguu wangu ndio uliokosea. Ukaweka ufunguo mezani. Nilikuwepo, Baba. Nilikuona ukiuweka.

Sasa habari mpya. Gozbert aliona gari linaoza bandani bure, kuku wanatagia kwenye viti, akapatana na fundi Anastazi wa mjini aje alitazame, ikiwezekana alinunue kwa ajili ya vipuri. Fundi alikuja Jumanne moja ya Februari, Gozbert akiwa shuleni. Nilimpa chai nikakaa naye bandani, maana nilitaka kuwaondoa kuku. Akafungua magurudumu. Akafungua na ile silinda inayopokea nguvu ya pedali, akatoa raba zake ndogo, akaziweka kiganjani na kunionyesha. Zilikuwa zimevimba na kulegea, ukizibonyeza zinabaki zimebonyea, kama mkate uliosahauliwa kwenye chai. Alizinusa. Akachovya kidole kwenye kichupa, akanusa tena, akaniuliza huku akicheka ni nani aliyekuwa anataka kukaanga samaki humu.

Sikucheka. Nilimwomba anieleze taratibu. Akanieleza kwamba raba zile zimetengenezwa kwa mafuta ya breki peke yake, na ukiweka mafuta mengine hazifi siku hiyo hiyo. Zinavimba polepole. Mwanzo breki zinajishika zenyewe na magurudumu yanapata moto. Halafu siku moja kwenye mteremko mrefu, wakati kila kitu kimechemka, pedali inakwenda chini yote. Ukiliacha gari likapoa inarudi juu imara, na mtu anayekuja baadaye kupima ataapa kwamba breki ni nzima. Akasema ameona dereva mwingine amefungwa kwa ajili hiyo, na hana kosa.

Utakumbuka, Baba, wiki ile kabla ya ajali ulilalamika kwamba gari linajizuia, na gurudumu la mbele linanuka moto. Ulilikagua mwenyewe mara mbili. Kila asubuhi ulitazama kichupa, na kila asubuhi kichupa kilikuwa kimejaa. Hakuna mtu aliyetimiza wajibu wake kuliko wewe.

Mafuta yale niliyaweka mimi.

Ningependa kukuambia kwamba nilichanganya makopo kwa bahati mbaya. Nimeipanga hadithi hiyo kichwani mara nyingi, na ilikuwa nzuri, hata mimi nilikuwa karibu kuiamini. Lakini haikuwa hivyo, na nikikudanganya tena leo sitaweza kuandika jina langu chini.

Ilikuwa hivi. Ulikuwa umerudi kutoka Mwanza na kopo moja la mafuta ya breki ambalo halijafunguliwa, ukaliweka chini ya kitanda chako kwa heshima kana kwamba ni Sakramenti, kwa sababu wakati ule Ngara yote ilikuwa haina. Ukaniambia lile ni la akiba. Siku chache baadaye, wewe ukiwa shambani, ikasimama dukani pikapu ya mkimbizi mmoja aitwaye Hakizimana, aliyekuwa akibeba watu kutoka kambini. Bomba lake la breki lilikuwa limepasuka, amelifunga, na mafuta yameisha. Alikuwa ameuliza duka kwa duka tangu asubuhi. Alikuwa na kopo la mafuta ya kula, yale ya msaada, galoni nzima safi, akasema yuko tayari kubadilishana.

Hapa pia ningeweza kujipaka rangi nikasema nilimhurumia. Sikumhurumia, Baba. Niliyatazama yale mafuta. Jumapili ile ilikuwa Komunyo ya kwanza ya Keza, na nilikuwa nimejigamba kwa wifi zangu wote kwamba maandazi nitayapika mimi, na sikuwa na tone. Wewe ulikuwa umekataza kitu chochote cha kambini kisivuke mlango wako, hata kijiko. Nikaona mzee hatajua. Niliingia chumbani kwako, nikalivuta lile kopo, nikampa. Nilijiambia kwamba kabla hujalihitaji nitakuwa nimeagiza lingine kwa dereva yeyote anayekwenda Mwanza.

Maandazi yakapikwa. Ulikula manne. Ulisema mbele ya wageni kwamba tangu mama yetu afariki hujala maandazi kama yale, na uliniuliza mafuta nimepata wapi, nikakuambia nimenunua Ngara mjini. Huo ulikuwa uongo wa kwanza, na niliufurahia, kwa sababu ulinisifu.

Niliagiza kweli. Nilimwagiza Nshoma, yule dereva wa lori la kuni, akasahau. Kabla hajakwenda tena, asubuhi moja ukafungua boneti ukaniita. Ukasema kichupa kimeshuka, niongeze kutoka kwenye akiba, maana mikono yangu ni midogo na haimwagi. Wewe ulikuwa unaongea na Mzee Methusela barabarani. Nilikwenda chumbani kwako nikapiga magoti, nikainama chini ya kitanda pasipo na kitu, nikakaa pale kidogo ili uone nimetafuta. Ningeweza kutoka nikakuambia. Mlango ulikuwa wazi, nilikuwa nakuona mgongo wako. Ungekasirika, ungefoka siku mbili, usingekula chakula changu siku ya tatu, halafu yangeisha. Niliogopa siku mbili hizo, Baba. Niliogopa pia kwa sababu niliporudi hapa kutoka kwa mume wangu na sanduku moja, ulinipokea bila kuniuliza hata swali moja, na sikutaka siku hiyo ujute kwamba hukuniuliza.

Nikaenda jikoni. Yale mafuta ya msaada yalikuwa na rangi ile ile ya njano nyepesi, yanateleza vile vile. Nshoma mwenyewe alikuwa amejisifu dukani kwangu, mbele ya madereva wenzake, kwamba aliwahi kutoka Biharamulo mpaka hapa na maji ya sabuni kwenye kichupa cha breki, na wote wakacheka, na mwingine akasema yeye aliweka oili ya injini. Mimi nilikuwa nawamiminia chai, nikayashika maneno yao kama mafundisho. Nikasema kama sabuni ilifanya kazi, mafuta safi ya galoni yatashindwaje. Nikamimina kwenye kikombe cha plastiki, nikaja, nikajaza kichupa mpaka kwenye mstari. Ukaja ukatazama. Ukanigusa bega ukasema vizuri mwanangu.

Kwa hiyo pale kikaoni uliponiuliza kama niliongeza, nikasema ndiyo, sikusema uongo. Ningesema uongo ningeona aibu na labda ningeurekebisha. Lile neno la kweli lilinificha vizuri mno. Siku zile za kwanza nilijiambia kwamba mafuta kidogo vile hayawezi kuangusha gari, askari ameshapima, baba amezeeka, basi. Nilijiambia hivyo mwaka mzima na zaidi. Lakini nilikuwa nimeacha kupika maandazi, na nilikuwa nimeacha kukomunika, nikiwaambia watu kwamba Padre hajamaliza suala la ndoa yangu. Moyo wangu ulikuwa unajua hata kabla ya fundi kunusa kidole chake.

Mguu wako haukukosea, Baba. Macho yako hayakukosea. Uliona kichupa kimejaa kwa sababu mimi nilikijaza ili ukione kimejaa. Ulikanyaga breki, na hapakuwa na breki. Katika sekunde zile ulizobakiwa nazo uliwaokoa akina mama kumi na kitu ambao hata hukuwapenda. Hayo ndiyo yaliyotokea siku ile, na mengine yote watu waliyoyasema hayakuwapo.

Baada ya fundi kuondoka nilikaa bandani mpaka kuku wakarudi. Jumatano ya Majivu nilikwenda kuungama. Padre alisikiliza, akaniondolea dhambi, kisha akasema kitubio changu si rozari. Akasema mtu aliyebeba kosa langu anaishi Nyakahura na hajui kwamba mzigo si wake, niende nikautue. Nilimwomba anipe rozari hata kumi. Akakataa.

Nilianza na Gozbert. Nilimweleza Jumapili hiyo, nikiwa nimesimama kwa sababu niliona sistahili kukaa. Nilidhani atanipiga kelele. Alivua miwani, akaiweka, akalia, mwalimu mzima, Keza akiwa anatuchungulia dirishani. Alisema yeye ndiye aliyekuomba ufunguo. Amekataa gari kuuzwa. Amejaribu kukuandikia, najua, kwa sababu nimeokota karatasi nne zimekunjwa, kila moja ina Shikamoo Baba na hakuna kingine. Kwa hiyo usimwone kimya ukadhani ni kiburi.

Jumapili iliyofuata, baada ya sala ya jumuiya, niliomba nafasi nikasema mbele ya wote. Niliona ni haki, maana waliosema kwamba ulikuwa umelewa walisema hadharani. Sitakueleza nyuso zao. Theodosia wa jirani, ambaye ndiye aliyeanzisha ile habari ya rubisi, alitoka kabla ya baraka. Dukani kwangu wiki hii wateja wamepungua, na wanaokuja wananihesabia hela ya chai bila kuongea. Sawa. Nilikuwa nimezoea watu kunipenda na nilikuwa nakulipisha wewe gharama yake.

Wa mwisho nilikwenda kwa Mzee Methusela, kwa sababu yeye ndiye niliyemwogopa kuliko wote. Nilimkuta amekaa na magongo yake kando, bao lake la igisoro mbele yake, na kete zake, anacheza peke yake, mkono wa kulia dhidi ya wa kushoto. Nilimweleza yote, na maandazi, na kikombe cha plastiki. Alimaliza kwanza mzunguko wake wa kete. Kisha akaniambia kwamba hawezi kunisamehe leo, na nisimwombe kesho wala wiki ijayo, akiweza ataniita mwenyewe. Nikasema ndiyo. Nikainuka kuondoka. Nilipofika kwenye uzio aliniita.

Akaniuliza kama umeshajua. Nikamwambia bado, naandika. Akawa mkali, Baba, kuliko alivyokuwa mkali kwa ajili ya mguu. Akasema nimeanza na padre, na kaka, na jumuiya, na yeye, na mwenyewe nimemweka wa mwisho, kwani nina akili gani. Akasema yeye hajawahi hata siku moja kudhani ulikosea, kwa sababu alikuwa kando yako na alikiona kiatu chako kikiwa juu ya breki. Aliwaambia wakati ule hospitalini, wakasema ni homa inayoongea. Alingoja uje umwulize. Hukuja. Uliuona mguu wake umekatwa ukadhani hataki kukuona. Akasema niandike hivi, na ninaandika kama alivyosema: kwamba vitu viwili vilimtoka siku ile, mguu na Emilian, na mguu hauwezi kurudi.

Basi, Baba, sikuombi unisamehe kwenye barua. Msamaha wa karatasi sijui ningeuweka wapi. Ukitaka kufoka, njoo ufokee hapa. Ukitaka kukataa chakula changu, njoo ukikatae kikiwa mezani, nitakipeleka kwa Keza na kesho yake nitakupikia tena. Kama hutaki kulala nyumba moja na mimi, nimeshaongea na Gozbert, nitahamia chumba cha nyuma ya duka, hapa patabaki kwako na hutaniona isipokuwa umeniita. Nimezoea kuwa mbali na wewe, naweza kuendelea kuwa mbali hata hatua ishirini. Ninachoshindwa ni hizi kilomita. Alhamisi hii Gozbert atakuja kukuchukua. Usimfukuze, tafadhali, hata akishindwa kusema anachokuja kusema. Pasaka ni tarehe thelathini.

Msalimie sana Shangazi Jovina, umshukuru kwa niaba yangu kwa kila sahani aliyokupa ambayo nilipaswa kukupa mimi. Wasalimie majirani zenu na wote wanaotufahamu. Keza anakusalimu, anasema anakuja na Gozbert na amekwisha kuoga. Mzee Methusela anakusalimu, anasema anakungoja.

Mungu akulinde njiani, Baba.

Ni mimi binti yako,
Domisiana.